Binti yetu anaandika kila usiku, na mama yake anataka daftari lifunguliwe

Mshauri, salaam.

Mimi ni baba wa watoto wanne, naishi Mwanza, upande wa Buhongwa, na nina duka dogo la vipuri vya pikipiki. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo ukikuta mahali nimeandika vibaya naomba unirekebishie kabla hujachapisha.

Jambo lenyewe ni la binti yetu wa pili. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Mwaka jana alipoanza sekondari alipata shida sana na kuandika. Sisemi Kiingereza, maana hicho kinamsumbua kila aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili. Nasema hata Kiswahili chenyewe. Wakipewa insha ya safari, yeye anaandika: "Siku moja nilisafiri. Safari ilikuwa nzuri sana. Tulifurahi sana. Huo ndio mwisho wa safari yangu." Mistari michache, basi. Na ukimwuliza kwa mdomo, anakusimulia safari hiyohiyo mpaka chai inapoa.

Muhula wa pili akaja mwalimu mpya wa Kiswahili, kijana tu. Akaliambia darasa zima kila mmoja awe na daftari la pembeni la kuandikia shajara: nusu ukurasa kila siku, chochote ulichokiona, ulichokisikia au ulichokiwaza. Yeye hasahihishi. Ijumaa anapita kwenye madawati, anaangalia kama tarehe zipo, basi, anaendelea. Mimi nilijua ni uvivu wa kusahihisha tu.

Lakini mshauri, mtoto kabadilika. Mwezi wa nne alileta insha ya kwenda kwa bibi yake Sengerema, enzi zile tunavuka Busisi kwa kivuko, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025. Ameandika jinsi abiria wote walivyoteremshwa kwenye basi wakakimbilia geti, akina mama wenye mabeseni ya samaki wakiwa nyuma yao, na jinsi alivyoshika gauni la mama yake kwa sababu sakafu ya kivuko ilikuwa inatetemeka mpaka nyayo zinawasha. Mimi nimevuka pale tangu ujana wangu, huo mtetemo naujua, lakini sijawahi kumtajia mtu. Alipata 17 kwenye 20. Niliisoma kwa sauti dukani, na mteja aliyekuja kuchukua plagi alisubiri nimalize ndipo akatoa hela.

Sasa shida. Daftari la kwanza limejaa, akaniomba kaunta buku, nikanunua. Anaandika usiku baada ya kuosha vyombo, kuanzia saa tatu, wakati mwingine mpaka saa nne na zaidi. Ukipita karibu anafunika kwa kiganja. Akimaliza analiweka kwenye sanduku lake la nguo, anapiga kufuli, ufunguo anao yeye. Mama yake hana amani. Anasema mtoto wa kike wa umri huo, anayeandika usiku na kuficha, siri yake ni moja tu, ni mvulana. Halafu mwisho wa mwaka kuna mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, na muda huo angekuwa na Hisabati na Fizikia. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, naye ana lake: kama ni lazima mtoto aandike basi aandike Kiingereza, maana huko sekondari Kiswahili ni somo moja tu.

Kilichotuwasha moto ni kikao cha wazazi. Mwalimu wa nidhamu alisimama akasema kuna daftari limekamatwa darasani lina mambo ya mapenzi, na kuanzia sasa kila mzazi akague shajara ya mwanawe nyumbani na kuweka sahihi kila mwisho wa mwezi. Tuliporudi mama yake akaniambia, "Umesikia mwenyewe." Anataka nimwamuru mtoto alifungue, na akikataa nivunje kufuli.

Mpaka leo sijaligusa. Sijui kama ni heshima au ni woga. Maana kuna jingine. Mwaka juzi mimi na mama yake tulikuwa na ugomvi mkubwa, nikawa nalala dukani kwa muda. Watoto waliona yote. Sijui kama na hayo yamo mle ndani.

Nikilifungua, si nitakuwa nimeua kile kilichomfundisha kuandika? Na nisipolifungua, halafu ikawa kweli kuna jambo, nitajitazama vipi?

Baba wa Buhongwa, Mwanza

*

MSHAURI ANAJIBU

Baba wa Buhongwa, asante kwa barua yako. Nilichorekebisha ni mikato michache tu. Yule mteja wa plagi nimemwacha kama ulivyomleta.

Nikiisoma barua yako naona kila mtu ana lake. Mama yake anaulizia mvulana, dada yako anaulizia Kiingereza, shule inaulizia nidhamu. Wewe unauliza jambo la nne, na umelisogeza karibu na mwisho: je, na mimi nimo mle? Nitafika huko. Kwanza tuzungumze uandishi wenyewe, maana nahofia mtaamua hatima ya hilo daftari bila kujua limefanya kazi gani.

Mwanafunzi wetu wa kawaida anaandika insha pale anapopewa, na akipewa anaandika kwa hofu. Ameambiwa kuna utangulizi, kiini na hitimisho, ameambiwa atie methali, na anajua kalamu nyekundu inamsubiri. Akili yake yote iko kwenye kutokosea. Njia rahisi ya kutokosea ni kuandika "safari ilikuwa nzuri sana", sentensi ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuipiga mkwaju, na hakuna msomaji anayeweza kuiona. Mtoto wako alikuwa na simulizi mdomoni tangu zamani, umesema mwenyewe. Alichokosa ni mahali pa kuijaribu kwa kalamu bila kuhesabiwa.

Shajara imempa mahali hapo. Kwa kuandika kila siku mkono umezoea, sentensi zinatoka bila kusukumwa, na hilo peke yake ni kubwa kwa mtoto anayeingia chumba cha mtihani. Kwa maoni yangu, lakini, faida kubwa zaidi iko mchana, kabla hajashika kalamu. Mtu anayejua kwamba usiku atatakiwa kuandika nusu ukurasa huanza kutazama. Anamsikia konda alivyosema, anaona mama muuza samaki amefunga kanga ya rangi gani. Mwalimu hakumfundisha mtetemo wa sakafu ya kivuko. Ulikuwa kwenye nyayo zake tangu utotoni, na mazoea ya kuandika ndiyo yaliyomfanya aurudie.

Hata hivyo tusiibebeshe shajara sifa ambazo si zake. Haisahihishi makosa. Mtoto anayeandika "kwaiyo" na "ulefu" kila usiku bila kuambiwa, baada ya mwaka atakuwa anayaandika makosa hayo kwa haraka zaidi na kwa kujiamini zaidi. Wale wanaoleta "xaxa" na "cjui" kutoka kwenye simu nao huendelea nazo. Usahihi unatoka kwingine: kwenye kusoma vitabu vilivyoandikwa vizuri, na kwa mwalimu anayesahihisha kazi nyingine, zile za alama. Kwa hiyo kabla hatujalipa daftari sifa ya 17 yote, jiulize binti yako anasoma nini siku hizi. Kama hasomi kitu, huko kuna kazi ya kufanya, na haihitaji kuvunja kufuli.

Sasa hilo la kuficha. Hapa nataka nimuulize mama yake swali kwa heshima zote: mama, ulipokuwa na miaka 15, je, kila ulichokiwaza ulimwambia mama yako? Kiganja juu ya ukurasa kinaweza kufunika jina la mvulana. Kinaweza pia kufunika sentensi mbovu ambayo mwenyewe anaionea aibu, au shairi, au malalamiko kwamba vyombo vyote vya nyumba hii anaosha yeye peke yake. (Baba, katika hao wanne hakuna mvulana wa kuosha sufuria? Naona mtoto anaanza kuandika saa tatu kwa sababu kazi za jikoni zinaishia hapo.) Kuficha ni dalili kwamba kuna kitu chake mwenyewe. Kama kitu hicho ni kibaya, kufuli haliwezi kutuambia.

Simdharau mama kwa hofu yake. Amewaona mabinti wa mtaani walivyoishia. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, lakini mama yeyote anajua njia hiyo ilivyo nzito kwa mtoto. Hofu yake ina msingi. Ninachouliza ni kama daftari ndipo mahali sahihi pa kuipeleka. Mtoto aliye hatarini si lazima aandike hatari yake. Mara nyingi dalili ziko nje, mezani na mlangoni: ameacha kula, anamkwepa ndugu au jirani fulani, ana hela au simu ambayo hamkumpa, anachelewa kurudi na maelezo yanabadilika, alama zimeporomoka ghafla. Katika barua yako sikuona hata moja ya hizo, na alama zimepanda. Mkiziona, hapo ni kumkalisha na kumuuliza uso kwa uso, ikibidi kumshirikisha mwalimu wa ushauri na unasihi, au kupiga 116, namba ya huduma kwa mtoto. Na kama kweli kuna hatari kwa maisha yake, mzazi ana haki ya kuingia hata mahali alipofungiwa. Wewe ndiye uliye karibu, utapima kama mmefika hapo.

Tuseme umeamua kulifungua. Utakuta nini? Labda hakuna kitu zaidi ya kisa cha mwalimu wa Jiografia kupiga chafya. Labda utakuta jina la mvulana, basi, jina tu, kwa sababu ana miaka 15. Labda utakuta usiku ule ulipobeba godoro kwenda dukani. Vyovyote iwavyo, kesho yake itakuwa tofauti. Wewe ni mfanyabiashara, unajua daftari la mauzo unaloliandika ukijua mtu wa mapato atalipitia, na lile unalojiandikia mwenyewe. Mtoto akijua kuna sahihi mwisho wa mwezi, atakuandikia la kusainiwa. Utarudishiwa "tulifurahi sana", safari hii ikiwa na mwandiko mzuri.

Kuliacha nako kuna hatari zake. Ya kwanza ni kwamba heshima inaweza kuwa maficho ya mzazi asiyetaka mazungumzo. Umeniuliza kama ni heshima au woga. Nadhani ni vyote, na hilo si la kukufedhehesha. Ya pili ni kwamba kuandika mambo mazito si dawa isiyo na uchungu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall huko Marekani walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo walioandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza. Katika miezi iliyofuata wale walioandika kwa undani walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Ila mara tu baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi. Utafiti ule ulihusu afya, haukuhusu insha, lakini nimeutaja kwa sababu ya usiku wa saa nne: akiwa anainuka kwenye daftari akiwa amevimba macho, na hali hiyo ikaendelea, hiyo ni dalili ya kumwuliza anaendeleaje bila kumwuliza ameandika nini.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda, ingawa si lazima ikufae. Nayo ni daftari la pili, la kupokezana, kati yako na yeye. Huko Los Angeles kulikuwa na mwalimu wa darasa la sita, Leslee Reed, aliyekuwa akiandikiana na kila mwanafunzi wake kila siku, na mtafiti Jana Staton aliyafuatilia madaftari hayo. Mwalimu yule hakuwa anasahihisha. Alijibu jambo lililoandikwa, na katika kujibu akaonyesha lugha ilivyo. Kwa kwetu tuseme mtoto ameandika, "Kwaiyo nilichelewa namba." Wewe hupigi mstari. Unajibu, "Kwa hiyo ulipochelewa namba walikufanya nini?" Ataliona mwenyewe, leo au wiki ijayo. Na kabla hujaniambia wewe ni darasa la saba: kuulizana maswali hakudai cheti, na aliyeandika barua hii anajua kusimulia. Shaaban Robert aliandikiana na ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 mpaka 1958, mambo ya kazi, ya nyumbani, ya hela. Sidhani barua zile zilimdhuru kalamu.

Hatari ya daftari hilo ni wewe mwenyewe. Wazazi tukipewa kalamu tunahubiri. Kurasa tatu za "mwanangu zingatia masomo" na daftari limekufa. Hatari nyingine ni kwamba mtoto anaweza kukuuliza kwa maandishi lile ambalo hajathubutu kuuliza kwa mdomo. Mbona ulikuwa unalala dukani, baba? Ujue utamjibu nini, angalau mstari mmoja wa kweli, kabla hujanunua hilo daftari. Na kama hauko tayari, hilo nalo ni jibu kuhusu woga wako ule, nalo linastahili kuzungumzwa kwanza na mama yake. Huenda mnachogombania kwenye kufuli ni ugomvi wa mwaka juzi ambao haujamalizwa.

Kuhusu agizo la shule, kuna nafasi ya kuongea. Mnaweza kumwomba mwalimu wa darasa awaruhusu kusaini kwamba daftari lipo na linaandikwa, mtoto akilishika mwenyewe na kukupitishia tarehe, kama anavyofanya yule kijana wa Kiswahili siku za Ijumaa. Mwalimu wa nidhamu anaweza kukataa, na anayeweza kuadhibiwa ni mtoto, kwa hiyo nendeni kwa upole na muende mapema.

La dada yako sitalirefusha. Masomo mengine karibu yote ni kwa Kiingereza na hawezi kukikwepa. Lakini kupanga wazo, kutoka hapa kwenda pale msomaji asipotee, ni ujuzi unaohama nao kutoka lugha moja kwenda nyingine. Msamiati ndio hauhami. Binti akipenda, anaweza kufunga baadhi ya siku zake kwa sentensi mbili tatu za Kiingereza. Akilazimishwa kuandika yote kwa lugha asiyoimudu, nahofia atarudi kwenye mistari michache. Na muda: nusu ukurasa haumalizi saa nzima. Akianza mapema, wenzake wakiwa kwenye vyombo, Hisabati itapata nafasi yake.

Nimehesabu waliosema kwenye barua yako: mama, shangazi, mwalimu wa nidhamu, wewe. Hamjamuuliza mwalimu wa Kiswahili alikusudia nini alipoamua kutosoma. Wala sikuona mahali binti mwenyewe ameulizwa, kwa sauti ya kawaida, mchana, labda siku akikusaidia dukani, hilo daftari analipendea nini.